Kamera ya rivasi kwenye pikapu: mistari kwenye skrini injini ikiwaka

BabaWawili

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada kabla sijafungua mlango wa nyuma wa bodi kwa mara ya nne.

Kilichonisukuma kufunga kamera ni hiki. Mwezi uliopita nilikuwa narudi nyuma polepole, vioo vyote viwili vya pembeni nimeviangalia, nikasikia kitu kinakwaruza chini. Nikashuka. Ilikuwa baiskeli ya magurudumu matatu ya binti yangu, imelala chini ya bampa, usukani umepinda. Yeye mwenyewe alikuwa mlangoni, ameshika mkono wa mama yake. Nilikaa chini pale pale, maneno hayatoki. Baadaye niliisimamisha ile baiskeli nyuma ya gari, nikarudi kwenye kiti cha dereva, nikageuka. Sikuiona. Mlango wa bodi unaificha yote, na mtoto aliyeikalia angefichika pia.

Basi nikanunua kamera ndogo ya waya, volti 12, plagi ya njano, nikaifunga juu ya kishikio cha mlango wa bodi. Chanya nimeitoa kwenye taa ya rivasi. Ethi, yaani waya hasi wa kurudisha umeme kwenye betri, nimeibana kwenye skrubu ya kitasa, humo humo ndani ya mlango, na rangi niliikwangua kwanza. Kebo ya picha imepita chini kufuata chasi hadi kwenye redio yenye skrini. Ule waya mwembamba mwekundu unaochomoza ubavuni mwa kebo nimeuunganisha pande zote mbili, kwa hiyo nikiingiza rivasi skrini inabadilika yenyewe.

Shida yangu: ufunguo ukiwa umewashwa na injini imezima, picha ni safi. Nikiwasha injini, mistari inaanza kupanda kutoka chini kwenda juu, na nikikanyaga mafuta inazidi. Nikiupiga mlango wa bodi kwa kiganja, picha inacheza. Nimejaribu kamera ya pili, ni yale yale. Je, kebo ndiyo mbovu? Au niachane na hii ninunue isiyo na waya?

FundiWaya

Pole sana ndugu yangu, na mtoto azidi kuwa salama.

Usinunue kitu kingine chochote kwanza. Ninavyosoma maelezo yako, kosa liko kwenye ile skrubu ya kitasa. Mlango wa bodi haujachomelewa kwenye gari, umeshikwa na bawaba na zile nyaya mbili za pembeni tu, na bawaba zina rangi, grisi, vumbi na kutu. Ulipokwangua rangi ulipata bati safi, sawa, lakini bati lenyewe halina njia nzuri ya kurudi kwenye betri.

Sasa umeme wa kamera hauwezi kukaa bila njia ya kurudi. Unachukua iliyopo, nayo ni ule wavu wa nje wa kebo ya picha, kwa sababu huko mbele umeungwa na ethi ya redio. Hapo umeme na picha vinatumia njia moja, na kelele za alteneta, ile mashine ya injini inayochaji betri, zinaingia moja kwa moja kwenye skrini. Ndiyo maana injini ikizima mistari inaondoka, na ndiyo maana ukiupiga mlango picha inacheza: bawaba inagusa, inaachia.

Hakikisha mwenyewe. Fungua ethi ya kamera, ifunge tepu isiguse chuma, kisha ingiza rivasi. Picha ikiendelea kuonekana, jibu umelipata.

Nyuma Taratibu

Naongezea kuhusu isiyo na waya, maana nilitoka huko. Kamera bado inahitaji umeme wa taa ya rivasi, kwa hiyo ethi mbovu utahama nayo. Halafu nyingi hutumia masafa ya 2.4 GHz, yale yale ya Wi-Fi, na kwenye pikapu mawimbi yanapaswa kupita bodi nzima ya chuma na ukuta wa kabini. Yangu ilikuwa inagandaganda. Piga hesabu: ukirudi nyuma kwa kilomita 5 kwa saa, gari linakwenda karibu mita 1.4 kila sekunde. Picha ikichelewa nusu sekunde, umeshasogea sentimita 70. Kwa kisa ulichotusimulia, mimi nisingekubali sentimita 70.

BabaWawili

FundiWaya, nimefanya sasa hivi. Ethi nimeifungua kabisa, inaning'inia, na picha IPO. Ina mistari mingi zaidi, lakini ipo. Ina maana siku zote hizi ile skrubu ilikuwa karibu na pambo tu. Nipe utaratibu wa kuitoa ethi sehemu sahihi.

FundiWaya

Vuta waya mweusi kutoka kwenye kamera hadi nje ya mlango, ukamalize kwenye chasi. Tafuta boliti iliyo karibu na taa ya nyuma, kwangua hadi chuma king'ae, tumia kichwa cha waya chenye tundu, kaza, kisha paka grisi juu yake ili kutu isirudi. Kwenye waya wa chanya weka fyuzi ndogo, ampea 1 inatosha, karibu kabisa na taa ya rivasi. Waya ukichunika siku moja, fyuzi hiyo ndiyo itakayokatika, na taa zako zitabaki nzima.

Kitu kinachoharibu kazi nyingi za pikapu ni urefu wa waya pale bawabani. Ushushe mlango hadi mwisho ndipo upime. Ukipima mlango ukiwa umefungwa, siku utakapopakia mzigo utasikia tu waya umekatika. Acha kitanzi kinachoning'inia chini kidogo ya tundu, ili maji yadondoke badala ya kufuata waya na kuingia ndani. Kwenye tundu lenyewe weka mpira, ukingo wa bati ni kisu. Huko chini kaa mbali na ekzosi na propela, ile shafti inayozunguka.

Nyuma Taratibu

Na pembe ya kamera pia. Kanuni ya Marekani, iliyoanza kubana magari mapya yote madogo 1 Mei 2018, inataka kamera ionyeshe eneo la upana wa futi 10 na urefu wa futi 20 nyuma ya gari, takribani mita 3 kwa 6. Mimi nilichora mstatili huo kwa chaki na kuiinamisha kamera mpaka kona zote zikaingia, na ukingo wa bampa ukaonekana chini ya skrini.

BabaWawili

Imekwisha wakuu. Ethi iko kwenye chasi, nimewasha injini, nimekanyaga mafuta, hakuna mstari hata mmoja. Nimepiga mlango mpaka kiganja kikauma, picha imetulia.

Chaki nimechora. Baiskeli nimeinyoosha usukani na kuiweka karibu kabisa na bampa, pale pale nilipoigonga. Kiti chake chekundu kinaonekana chote, hata ule mkanda uliochanika pembeni. Nimemwita mama yake aje akae kwenye kiti cha dereva aone.

Kimebaki kiungo kimoja cha plagi ya njano, nimekigundua kiko usawa wa tairi la spea. Nikishusha tairi kitabanwa. Kesho nakipandisha juu ya chasi na kukifunga tepu ya mpira.