Uti wa mshale: chipukizi, mwanzi au ubao? Na chembe iwe obsidiani au gumegume?

Mchongaji Mpya:
Wakuu habari zenu. Nataka kutengeneza mishale sita ya mti yenye chembe (zile ncha za mbele) za jiwe, sio ya kutundika ukutani, ya kurusha kabisa. Upinde ninao. Nimekwama kwenye uti, nna chipukizi za mti mgumu nilizokata nikazikausha, nna mianzi myembamba, halafu kuna fundi anasema atanipasulia ubao anitolee vijiti vya duara vilivyonyooka kama rula. Jiwe nna mapande ya obsidiani (kile kioo cha volkano) na ya gumegume. Nichukue lipi na lipi? Fundi anataka jibu kabla ya Jumamosi.

Baba Podo:
Upinde wa uzito gani mkuu? Unavuta sentimita ngapi? Unapiga nini, gunia au ubao mgumu? Bila hayo tutakudanganya tu hapa. Uti unafuata upinde, haujitegemei.

Kibanzi:
Mi naongelea jiwe tu. Obsidiani inameguka vizuri mno, makali yake ni kioo kwelikweli, ila ndo hivo inavunjika upesi, ikigusa kokoto mara moja imekwisha. Gumegume inakutoa jasho kuimega lakini inastahimili zaidi. Kama unaanza, jifunzie kwenye kitako cha chupa, tabia yake inakaribiana na obsidiani na haikuumi roho ukiharibu. Ishi, yule mtu wa kabila la Wayahi, wenyeji wa asili wa California, aliyefariki 1916, alichonga chembe nyingi tu za vioo vya chupa na zilikuwa kazi safi. Megea kwa ncha ya pembe ya mnyama au msumari mnene wa shaba nyekundu, kwanza usage ukingo kwa jiwe lenye chengachenga ndo ukandamize, ukingo mwembamba usiosagwa unapukutika wote. Na USIKAE CHUMBANI. Vumbi la mawe haya linaingia kwenye mapafu halitoki. Kaa nje, vaa miwani ya kukinga macho, weka ngozi nene kwenye paja.

Nyika77:
Mwanzi mkuu, usipoteze muda. Mwepesi, mgumu, unanyooka kwa moto kidogo. Mbele unachomeka kipande cha mti mgumu chenye jiwe, jiwe likivunjika unabadilisha kipande tu uti unabaki. Mi siwezi rudi kwenye mti.

Mama Upote:
Kaka Mchongaji, kabla hujampa jibu huyo fundi nisikilize mimi. Niliwahi kutengenezewa vijiti vya ubao, vimenyooka hata huamini, nikavifunga manyoya na chembe nikafurahi sana. Sikuangalia nyuzi za mti. Msumeno hauna habari na nyuzi, wenyewe unakata njia yake, kwa hiyo kile kijiti kwa macho kimenyooka lakini nyuzi zinakatiza kwa mshazari na kutokea pembeni. Siku ya tatu mshale mmoja ulikosa gunia ukapiga kisiki, nikauchomoa nikaona mzima nikaurudisha kwenye podo. Baadae nikauvuta tena, nikaachia upote, ukakatika pale pale mbele kidogo ya manyoya na kile kipande cha nyuma kikaingia kwenye mkono wangu wa kushoto, hapa kati ya kidole gumba na cha shahada, kikatokea upande wa pili. Nilikatwa nikatolewa vibanzi, nikakaa miezi bila kushika upinde, mpaka leo kidole gumba hakikunji vizuri. Ningeupinda kidogo tu kwa mikono kabla ya kuurusha ningesikia unalia, ufa ulikuwepo. Siku hizi kila mshale uliopiga kitu kigumu naupinda huku na huku karibu na sikio, ukilia hata kidogo nauvunja palepale.

Baba Podo:
Pole sana dada, hilo kila mtu alisome mara mbili.

Fundi Randa:
Pole dada, ila kosa hapo si la ubao, ni la aliyepasua. Ubao unapasuliwa kwa kabari, unafuata nyuzi zenyewe, halafu unapiga randa. Nimefanya hivyo muda mrefu sijavunjikiwa hata mmoja wakati wa kuachia. Mwambie fundi apasue kwa kabari, asipokubali achana naye.

Nyika77:
Kazi yote hiyo ya nini na chipukizi Mungu kaziumba duara tayari zenye nyuzi zinazoenda mwanzo mpaka mwisho? Hata yule mtu wa barafuni aliyepatikana Alps 1991, Ötzi, aliyeishi miaka zaidi ya 5,000 iliyopita, podo lake lilikuwa na mishale 14 na uti wake ni wa chipukizi.

Fundi Randa:
Sasa wewe mara mwanzi mara chipukizi. Na hiyo 14, iliyomalizika kwa manyoya na chembe za gumegume ni miwili tu. Alitumia kilichoota alikopita, haina maana ndo bora kuliko vyote.

Nyika77:
Sijasema bora kuliko vyote, nimesema nyuzi zake hazikatizi.

Mchongaji Mpya:
Samahani wakuu, niliruka. Upinde ni wa mti mmoja mzima, hauna mkato wa kupitisha mshale, paundi 40 nikivuta sentimita 68. Napiga magunia yaliyojazwa vitambaa. Dada Mama Upote pole sana, sikuwaza kabisa habari ya nyuzi.

Baba Podo:
Sasa tunaongea. Weka uti juu ya vigingi viwili vilivyoachana sentimita 66, katikati ning'iniza uzito wa gramu 900 hivi, pima umeshuka milimita ngapi. Gawanya 660 kwa hizo milimita, unapata ugumu wa uti kwa paundi, ndo unaulinganisha na paundi za upinde. Ukishuka 16 ni kama paundi 41. Upinde usio na mkato unataka uti laini kidogo maana mshale lazima upinde uzunguke mti wa upinde ndo unyooke. Ukivuta kwa mkono wa kulia, uti mgumu mno unaenda kushoto, laini mno unaenda kulia. Na jiwe zito mbele linaufanya uti uwe kama laini zaidi, kwa hiyo rusha ukiwa na uzito wa chembe tayari mbele.

Kibanzi:
Na usichonge majiwe makubwa! Upana usizidi sentimita 2. Yale mapana ya kiganja watu wanayoyaita chembe za mishale mengi ni ya mikuki. Vipande vya Sibudu kule Afrika Kusini, vya miaka kama 64,000 ambavyo watafiti wanaona vilikuwa vya mishale, ni vidogo tu.

Mama Upote:
Fungia kano iliyoloweshwa, ikikauka inabana yenyewe. Chini yake utomvu uliochemshwa na kuchanganywa na unga wa makaa.

Fundi Randa:
Mi natumia gundi ya epoksi na uzi wa nailoni, haiyeyuki juani.

Mama Upote:
Epoksi ikishika hutoi chembe iliyovunjika bila kuharibu uti. Utomvu unapasha moto kidogo unatoka. Na jiwe litavunjika tu, kwa hiyo hilo ni jambo kubwa.

Mchongaji Mpya:
Nimepima chipukizi sita: 15, 16, 16, 22, 17, 15. Mianzi bado. Fundi nimemwomba aniletee kipande nione nyuzi, kasema ana msumeno tu, kabari hana.

Baba Podo:
Huo wa 22 uweke pembeni, kwa upinde wako ni laini mno. Mingine ipunguze taratibu huku unapima, usikwangue upande mmoja tu. Uzito wake umepima?

Nyika77:
Pima mianzi kwanza jamani.

Kibanzi:
Manyoya je? Yote yatoke bawa la upande mmoja, usichanganye kushoto na kulia kwenye mshale mmoja.

Mchongaji Mpya:
Ndo nayaangalia hapa, sasa ukiwa nalo moja mkononi unajuaje ni la bawa lipi?