Tupeane uzoefu: miezi yako mitatu ya kwanza ya kuandika mtandaoni ilikuingizia ngapi?

Shangazi Githurai

Wadau, hamjambo. Mtoto wa kaka yangu anaishi kwangu. Anauza kava na chaja za simu pale Luthuli mjini Nairobi, mshahara 15,000 kwa mwezi, nauli juu yake. Wiki iliyopita alinijia jikoni nikikanda unga wa chapati, akaniambia, "Shangazi, mwisho wa mwezi naacha kazi, nataka kuandika mtandaoni." Ameona video za vijana wanaosema dola 1,000 kwa mwezi si kitu. Hesabu ameshaifanya nyuma ya risiti: kurasa kumi kwa siku, siku thelathini, shilingi mia nne kila ukurasa. Ikafika 120,000. Hakuna Jumapili hapo, hakuna kuugua, hakuna stima kupotea.

Sitaki wa kumtia moyo wala wa kumvunja moyo. Nataka namba za miezi mitatu ya kwanza, za mtu aliyeanza bila kujua kitu. Mwaka wako wa tano utanisimulia siku nyingine. Na mseme mlikuwa mnaandika nini.

KalamuTupu

Shangazi, hiyo mia nne ameitoa wapi? Mimi nilianza 2019, Kahawa Wendani, kuandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao za chuo. Sikuwa na akaunti yangu kwenye tovuti zinazotoa kazi hizo. Nilikuwa chini ya jamaa mwenye akaunti: yeye anachukua oda, anatugawia, anatulipa 300 kwa ukurasa. Ukurasa ni maneno 275. Yeye alikuwa analipwa ngapi sikuwahi kuambiwa, ila alinunua gari nikiwa bado nanunua unga wa robo.

Mwezi wa kwanza niliandika kurasa 22. Hiyo ni 6,600. Akakata faini ya 900 kwa oda moja niliyochelewesha, nikabaki na 5,700, na sikuipata mwisho wa mwezi bali tarehe 15 ya mwezi uliofuata. Kodi ya bedsita yangu, chumba kimoja tu, ilikuwa 6,500. Nilimwomba mama pesa ya kodi nikiwa "nimeajiriwa mtandaoni".

Iliyochelewa yenyewe ilikuwa kurasa sita kuhusu wauguzi na usafi wa mikono hospitalini. Mwisho wa kuwasilisha ulikuwa saa kumi na moja alfajiri, maana kule Marekani ndiyo jioni. Saa tisa usiku stima ikapotea. Betri ya laptopu ilikuwa ya kuomba Mungu, dakika ishirini hivi. Nikaivaa begani nikatoka hadi kituo cha mafuta barabarani, bawabu akaniruhusu nichomeke karibu na friji ya soda. Nilimaliza saa kumi na mbili kasoro, nimekaa juu ya kreti. Mwenye akaunti hakutaka kusikia habari ya stima. Alisema mteja hajui Kenya Power ni nani.

Mwezi wa pili nilipata 14,000, wa tatu 19,500. Nikaanza kujiona. Lakini angalieni kalenda: wa tatu ulikuwa Novemba, vyuo vya Marekani vinaelekea mitihani, kazi ni tele. Ilipofika Juni mwaka uliofuata, wanafunzi wako likizo, nilipata kurasa tisa mwezi mzima. Kijana aliyeona Novemba ya mtu kwenye video hajaona Juni yake.

Na kurasa kumi kwa siku haziwezekani kwa anayeanza. Ukurasa mmoja ulinichukua saa moja na nusu, pamoja na kusoma na kutafuta marejeo. Bado mwalimu hajarudisha na "rekebisha aya ya pili", ambayo hailipwi.

Mwana wa Kayole

Umesahau kusema iliishaje.

KalamuTupu

Akaunti ilifungwa, jamaa akazima simu. Alikuwa na kurasa zangu 41. Hesabuni wenyewe.

Dada Zimma

12,300. Pole. Na niongeze, Shangazi, kazi hiyo ni kumwandikia mtu mtihani wake. England ilipitisha sheria mwaka 2022, kuuzia wanafunzi wa vyuo vya huko huduma hiyo ni kosa la jinai. Mimi singependa daktari wangu awe ndiye aliyelipa KalamuTupu, pamoja na ustadi wake wote. Kuna kuandika kwingine.

KalamuTupu

Sibishi, dada. Ndiyo maana niliacha. Niliulizwa namba nikatoa namba.

Mwana wa Kayole

Mimi ni wa huko kwingine. Makala za tovuti, 2021. Dola mbili kwa maneno 500. Mwezi wa kwanza dola 31, wa pili 58, wa tatu 90 na kitu. Lugha yangu ilikuwa safi, nilipata B+ ya Kiingereza, nikadhani inatosha. Kumbe mteja hanunui Kiingereza. Ananunua mtu anayejua kitu anachokiandika.

Oda yangu ya kwanza kubwa ilikuwa maneno 1,500 kuhusu mashine ya kuondoa theluji mlangoni. Mimi, mtoto wa Kayole! Theluji nimeiona kwenye friji ya baa ikihitaji kuyeyushwa. Nilikaa siku mbili nikisoma malalamiko ya wazee wa Minnesota kuhusu mashine zao, ni ipi hukwama theluji ikiwa na majimaji, ni ipi huwashwa kwa kamba kama jenereta ya harusi. Nililipwa dola sita. Kwa kazi ya siku mbili. Lakini mteja huyo alirudi, akanipa nyingine kumi na moja, na kufikia mwezi wa nane nilikuwa dola 15 kwa makala.

Halafu ChatGPT ikatoka Novemba 2022. Zile kazi za dola mbili, ambazo ndizo ngazi ya kwanza tuliyopandia sisi, zilikauka mbele ya macho yangu mwaka uliofuata. Zilizobaki ni za kurekebisha kilichoandikwa na mashine, au za mtu mwenye ujuzi wake. Kwa hiyo hata namba zangu za 2021 kijana asizitegemee. Anaanza penye ukuta, si penye ngazi.

Kimya Roysambu

Upwork, tovuti ya kuombea kazi, 2023. Mwezi wa kwanza sifuri. Wa pili sifuri. Wa tatu dola 15, wakakata asilimia 10 yao, ikabaki 13.50. Kule unaomba kazi kwa vitiketi unavyonunua, kila kimoja senti 15 za dola, na ombi moja linaweza kula zaidi ya kumi. Hadi napata hizo 15 nilikuwa nimetumia 23. Tovuti nyingine, Fiverr, huombi, unasubiri uonekane, ila wanachukua asilimia 20.

Sasa hivi naishi kwa kazi hiyohiyo, msinielewe vibaya.

Bwana Hesabu

Jamani mnamtisha mtoto wa watu. Mimi mwezi wangu wa kwanza nilipata 70,000. Makala nne. Nne tu! Ajiamini, achague wateja wakubwa, asiuze jasho lake bei ya sukuma wiki.

Dada Zimma

Makala nne za nini, kaka?

Bwana Hesabu

Bima na pensheni. Kampuni ya nje inayouza programu za uhasibu.

KalamuTupu

Na kabla ya hapo ulikuwa unafanya nini?

Bwana Hesabu

Mhasibu. Miaka sita, Upper Hill.

KalamuTupu

Haya.

Bwana Hesabu

Sawa, nimeelewa. Na mteja nilipewa na bosi wangu wa zamani, tusifichane. Lakini hoja yangu inabaki: kijana ameuza vifaa vya simu kwa muda gani? Anajua chaja feki kwa kuishika tu. Kuna tovuti zinamlipa mtu wa namna hiyo zaidi kuliko anayeandika kila kitu.

Shangazi Githurai

Miaka mitatu. Hilo la chaja ni kweli, anajua kwa uzito.

Mkalimani South B

Naandika na kutafsiri Kiswahili, wateja wa hapahapa Nairobi, mashirika mengi. Miezi miwili ya kwanza sikupata kitu, nilikuwa natuma barua pepe zisizojibiwa. Wa tatu nikapata kijitabu cha afya, maneno 9,000, shilingi tatu kwa neno. 27,000. Nilicheka peke yangu kwenye matatu.

Kisha wakaniomba PIN ya KRA, mamlaka ya kodi, na ankara ya eTIMS, mfumo wao wa ankara za kielektroniki. Sikuwa nayo, nikahangaika wiki nzima. Wakakata asilimia 5 ya kodi ya zuio, 1,350, nikabaki na 25,650. (Hiyo si kwamba imepotea. Unaidai kwenye hesabu zako ukiwasilisha ritani kabla ya 30 Juni. Wengi hawawasilishi, wanaiachia serikali.) Pesa yenyewe iliingia baada ya siku 74. Nimeandika 74 kwa sababu nilizihesabu kwenye kalenda ya ukutani kama mfungwa.

Nilikopa kwa simu nikila nikisubiri pesa yangu mwenyewe, na ule mkopo ulikuwa na riba.

Mwana wa Kayole

Shilingi pia ina mambo yake. Mapema 2024 dola ilikuwa karibu 160. Mteja wangu ananipa dola 300 kwa mwezi, ni 48,000. Kabla mwaka haujaisha dola iko 129, kazi ileile, mteja yuleyule, ni 38,700. Kodi ya nyumba ilibaki pale pale. Kijana akiambiwa namba kwa dola aulize ni dola ya lini.

Mteja wa Umoja

Nina dakika moja. Asinunue akaunti. Narudia, ASINUNUE. Nilitoa 30,000 kwa "akaunti iliyokomaa" kutoka kwa mtu wa Telegram, nyota tano, sifa kemkem. Siku ya kumi na mbili nikaombwa nionyeshe kitambulisho cha mwenyewe kwa kamera. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa Ufilipino. Mimi nina ndevu.

Dada Zimma

Nimecheka na nimehuzunika.

Kimya Roysambu

Shangazi, ukitaka namba moja ya kumpelekea jikoni: aweke akilini 5,000 hadi 10,000 kwa mwezi katika ile miezi mitatu, na ajue mmoja kati ya hiyo unaweza kuwa sifuri. Atoe bando la intaneti humo humo. Asiache Luthuli.

Bwana Hesabu

Hapo nakubali. Luthuli ndiyo elimu yake.

Shangazi Githurai

Nimerudi. Nilimpa simu asome yote tangu juu, alisoma amesimama mlangoni, chapati mbili zikapoa. Kwa KalamuTupu alinyamaza. Kwa mwenye ndevu alicheka hadi akaketi. Akachukua ile risiti yake akafuta 120,000, akaandika 7,000 na alama ya kuuliza.

Haachi kazi mwezi huu. Anasema ataandika saa mbili hadi saa tano usiku, na makala ya kwanza itakuwa ya chaja: jinsi ya kujua feki bila kuifungua. Nimemwambia waifai ya jirani tunachangia, ila mwezi wa nne atalipa yake.

Ana swali moja tu ambalo anasema hamkulijibu. Mwana wa Kayole, ile mashine ya theluji, inatumia petroli ama stima?

Mwana wa Kayole

Zote zipo. Ya petroli kwa theluji nzito, ya stima kwa kibaraza kidogo. Mwambie ya stima waya wake ni wa kuangalia, ukiupitisha mbele ya mashine inaukata. Hilo peke yake lilinichukua asubuhi nzima kulijua.