Kikombe cha hedhi kinavuja, kosa liko wapi?

MgeniWaKikombe: Habari zenu wapendwa. Kikombe cha silikoni, huu mzunguko wa pili, na bado kinavuja baada ya saa mbili tatu ingawa hakijajaa hata nusu. Nakikunja umbo la C. Ni saizi au ni namna ya kukiweka?

DadaMjuzi: Mara nyingi si saizi, ni kwamba hakijafunguka. Mkunjo wa C ni mnene ukingoni. Jaribu kusukuma ukingo ndani kwa kidole kimoja, kitaingia kwa ncha nyembamba. Kielekeze nyuma upande wa mgongo, si juu moja kwa moja. Kisha pitisha kidole kuzunguka kitako chake: ukigusa bonde, bado kimekunjika, kishike kitakoni ukizungushe kidogo. Kagua na vile vitundu chini ya ukingo. Vikiziba, hakishiki.

Nuru_K: Tafuta pia shingo ya kizazi kwa kidole. Ikiwa chini sana, huketi ndani ya kikombe na kula nafasi. Hapo kifupi kipana kinafaa zaidi. Wakati wa kutoa usivute kimkia tu jamani! Minya kitako hewa iingie, ndipo ushushe. Mwenye kitanzi cha uzazi wa mpango amwulize mhudumu wa afya kwanza, maana kuvuta huko kunaweza kukitoa mahali pake.

DadaMjuzi: Kweli. Na kisizidi saa 12 ndani. Baada ya hedhi kichemshe dakika 5, kielee, kisiguse sufuria kikaungua.