Naomba ushauri: noti za zamani na sarafu ngeni zinazoingia dukani kwangu

MamaNasra
Wanajukwaa, nawasalimu nyote kwa heshima. Nina duka la rejareja Mbezi Louis, jirani na Kituo cha Mabasi cha Magufuli, na kwa kuwa wateja wangu wengi ni abiria wanaotoka mikoani na nchi jirani, droo yangu hupokea fedha za kila namna. Nikihesabu mauzo jioni hukuta sarafu za Kenya zimechanganyika na zetu, na ninalo bakuli nilimotenga sarafu ambazo hata asili yake siijui, mojawapo ikiwa na tundu katikati na taji juu ya tundu hilo.

Linaloniumiza zaidi ni la noti. Bibi mmoja wa mtaani kwetu, ninayemheshimu kama mama yangu mzazi, amevunja kibubu na kuniletea noti za zamani za elfu tano na elfu kumi, akitaka mchele, unga na mafuta. Nimemwomba anipe muda niulize, kwani jirani yangu wa biashara anasema noti hizo zilishakufa na mwingine anasema benki bado zinazipokea. Nitazitambuaje haraka wakati wateja wamejaa, nimjibu nini bibi, na hizo sarafu nizifanyeje?

MstaafuWaKaunta
Mama Nasra, umefanya vyema kuuliza kabla ya kupokea. Nimefanya kazi kaunta ya benki hadi kustaafu, na jambo hili nalifahamu. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuziondoa katika mzunguko noti za matoleo ya mwaka 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya toleo la 2010. Muda wa kuzibadilisha ulianza tarehe 6 Januari 2025 ukaisha tarehe 5 Aprili 2025, na baada ya hapo zilikoma kuwa fedha halali ya malipo. Jirani yako wa kwanza ndiye aliyekuambia kweli.

Kuhusu kuzitambua, usimtazame mnyama, kwa sababu tembo yupo kwenye elfu kumi ya zamani na ya sasa, na kifaru yupo kwenye elfu tano zote mbili. Inua noti kwenye mwanga, utazame ile sehemu nyeupe isiyo na michoro. Ukiona kichwa cha twiga kimejificha ndani ya karatasi, hiyo ni noti ya zamani iliyoondolewa. Ukiona sura ya Mwalimu Nyerere, hilo ni toleo tunalotumia sasa. Mfundishe na msaidizi wako, maana ni jambo la kutazama mara moja tu, na mteja anayekupa fedha halali hawezi kuchukizwa nalo.

KondaMstaarabu
Dada, mimi niongelee sarafu, kwa kuwa kwenye daladala tunazipokea gizani na gari likiwa linatembea. Kenya ilitoa sarafu mpya mwishoni mwa mwaka 2018, na wanyama wake ndio wanaotuchanganya: twiga kwenye shilingi 1, kifaru kwenye 5, simba kwenye 10 na tembo kwenye 20. Sisi nasi tuna kifaru kwenye shilingi 50 na simba kwenye 200, kwa hiyo mtu akitazama upande wa mnyama peke yake lazima akosee. Geuza upande wa pili. Sarafu zetu za 50, 100, 200 na 500 zina sura ya kiongozi: Mzee Mwinyi kwenye 50, Mwalimu kwenye 100, Mzee Karume kwenye 200 na 500. Hizo mpya za Kenya hazina sura ya mtu yeyote, zina nembo ya taifa lao.

Ulizonazo usizitupe. Viwango hupanda na kushuka, lakini kwa miaka ya karibuni shilingi moja ya Kenya imekuwa karibu na shilingi 20 zetu, hivyo zikikusanyika zinakuwa fedha ya maana. Maduka ya kubadilishia fedha kwa kawaida hayataki sarafu, bali wahudumu wa mabasi ya Nairobi wanazihitaji kwa matumizi ya njiani, na hao wako jirani nawe kila siku.

Kijana_Mbagala
Kwa maoni yangu, hizo noti za bibi zipokee kwa nusu ya thamani, kisha uzichanganye kwenye chenji za abiria wa usiku. Ndivyo wengi wanavyofanya.

MstaafuWaKaunta
Kijana wangu, ushauri huo nakuomba uufute. Kumpa abiria noti unayojua fika kwamba haimfai ni kumwibia, na huenda abiria huyo ndiyo nauli yake ya mwisho ya kumfikisha nyumbani. Na bibi akilipwa nusu kwa noti zisizo na thamani sokoni, hasara inamhamia Mama Nasra, kisha itamhamia mtu asiye na hatia.

MkusanyajiWaSarafu
Mama Nasra, hiyo yenye tundu na taji iangalie vizuri kama imeandikwa EAST AFRICA. Kama ndivyo, ni senti iliyotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919 na kutuhudumia hadi shilingi ya Tanzania ilipoanza mwaka 1966. Senti zenye tundu zilikuwa za 1, 5 na 10, na tundu hilo liliwawezesha watu kuzitunga kwenye kamba. Kama maandishi ni ya Kijerumani na kuna neno HELLER, basi ni ya kabla ya hapo, enzi za Wajerumani, walioanza kutumia heller mwaka 1904.

Tafadhali usiisugue kwa ndimu, majivu wala steelwire, kwa sababu sarafu iliyosuguliwa hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake kwa wakusanyaji. Na wala usitarajie utajiri: senti hizi zilitengenezwa kwa wingi mno, na nyingi huuzwa kwa fedha kidogo. Kuna watu wanaopiga simu wakiahidi mamilioni kwa sarafu ya zamani, kisha wanadai utume kwanza ada ya usajili au ya ukaguzi. Mnunuzi wa kweli hutoa fedha, haombi.

Ukikuta ile senti hamsini ya Mwalimu yenye sungura, naomba uniambie, kwani naipenda kuliko zote.

MamaNasra
Nawashukuru sana, na msaidizi wangu ameshaonyeshwa yule twiga. Je, bibi nimwambieje bila kumvunja moyo? Hizo ni akiba za miaka yake.

MstaafuWaKaunta
Kwanza kaa naye mzitazame moja moja kwenye mwanga, kwa sababu kibubu cha miaka mingi huchanganya matoleo, na zenye sura ya Mwalimu anaweza kuzitumia leo hii. Zilizobaki mwambie ukweli kwa upole, asije akazipeleka kwa mtu wa kumlaghai. Kama atapenda kulisikia kwa wahusika wenyewe, msindikize ofisi ya Benki Kuu iliyopo Mtaa wa Mirambo, akiwa na kitambulisho chake na noti zote, aulize mwenyewe na ajibiwe.

MamaNasra
Tumezitazama jioni hii, naye ameshika tochi ya simu mwenyewe. Elfu kumi mbili na elfu tano moja zina sura ya Mwalimu, na mchele ameshauchukua. Kuhusu zile nyingine, amesema twende naye Mirambo Jumatatu asubuhi, na duka nitamwachia msaidizi.