Maboga machanga yanatobolewa majani, nina salfa ya mikorosho, nipulize?

Mkulima_Newala: Wadau, miche ya maboga ina siku 10 tangu iote, jani la tatu ndiyo kwanza linafunguka. Vidudu vya rangi ya chungwa, kama punje ya mchele, vinayatoboa majani matundu ya mviringo. Ukisogea vinaruka. Miche miwili nimeikuta imelala, shina limekatwa. Salfa ninayo gunia nusu.

Shamba_Mchinga: Salfa iache ghalani. Ni dawa ya ubwiriunga, yaani ukungu. Hao wako ni mbawakavu, salfa haiwatishi, na jua la huku likiwaka maboga yataungua majani. Waokote alfajiri wakiwa bado wazito kuruka, uwatose kwenye kopo la maji ya sabuni. Umande ungalipo, nyunyiza majivu yaliyochekechwa, utando mwembamba tu, kijani kionekane. Mvua ikiyaosha, rudia. Usiridhike na majani pekee: wanataga kwenye udongo wenye unyevu karibu na shina, funza wao wanakula mizizi. Ukiona mche unanyauka mchana na ardhi ina maji, shuku hao.

BibiBustani: Waliokata shina ni wengine, hao sota. Fukua sentimita 3 hadi 5 kuzunguka kisiki, utamkuta kiwavi wa kijivu amejikunja. Iliyobaki ivishe pete ya kopo la plastiki lililotolewa kitako, izame sentimita 3 hivi.
Mwarobaini: gramu 50 za mbegu zilizotwangwa kwa lita 1, kwa hiyo bomba la lita 15 ni gramu 750. Loweka usiku kucha, chuja kwa kipande cha kanga (chujio la chai linapitisha machicha, nozeli inaziba), tia sabuni kidogo ishike jani. Piga jioni, jua linaiondolea nguvu. Mbegu zilizoota ukungu tupa.

Mkulima_Newala: Asante, bibi. Na ile dawa ya mbu wa mikorosho, yule mdudu anayefyonza machipukizi? Inaua kila kitu.

Shamba_Mchinga: Tatizo ndilo hilo, mkuu. Msusa, yaani majani ya maboga ya kupika mboga, utauchuma lini, na kibandiko hakikutaji siku za kusubiri kwenye mboga? Inaua pia wadudu rafiki wanaokula vidukari, na nyuki. Nyuki wakikosekana, kiboga kinageuka njano na kudondoka. Wewe linda mpaka majani matano, hapo mche unakua haraka kuliko wanavyoutafuna. Ukiufunika kwa wavu, ziba kingo kwa udongo, na maua yakitoka tu uondoe.