Bonde la Mto Msimbazi, Dar es Salaam: mtapanda miti na nyasi, mabomba yanayomwaga uchafu mtoni mtayafunga lini?

Wakuu, heshima kwenu. Leo nina hasira, mods mnivumilie.

Mvua zimeanza, na sisi wa bondeni tunajua maana yake. Si mafuriko tu, ni msimu wa kutapisha vyoo. Mvua ikikolea usiku mtu anatoboa shimo lake, choo kinajitapika mtaroni, mtaro unaingia kijitoni, kijito kinaingia Msimbazi, asubuhi mtaa mzima tunasalimiana kama hakuna anayesikia harufu. Tumeripoti ofisi husika mpaka tumechoka. Tukaambiwa tupeleke ushahidi. Ushahidi gani zaidi ya mavi yanayoelea mlangoni kwa watu?

Na simlaumu jirani peke yake. Kwa mpangaji wa chumba kimoja hela ya gari la kunyonya ni mtihani, na uchochoro wenyewe gari halipiti. Sehemu kubwa ya jiji hili haijawahi kuona bomba la majitaka. Lakini viwanda je? Huko magari yanapita, hela ipo, wataalamu wapo, na bado kuna maji yanatoka kwenye kuta za watu yakiwa na rangi ambayo mvua haina.

Sasa kinachoniudhi. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde hili. Sawa, daraja la Jangwani linahitajika, nani asiyekumbuka Desemba 2011, watu zaidi ya 40 walikufa jijini na wengine wakahamishiwa Mabwepande. Sipingi daraja. Ila kila nikisikia wakubwa wanaongea, ni daraja, bustani, njia za kutembelea, miti. Kingo, kingo, kingo. Maji yenyewe nani anayazungumzia? Bustani nzuri pembeni ya mtaro wa majitaka ni mahali pa kupigia picha ukiwa umebana pua. Kama mnabisha, nendeni Daraja la Tanzanite jioni watu wanapojipiga selfi. Maji ya Msimbazi yanaingilia baharini hapo hapo, na mikoko ya Selander ndiyo inayopokea kila kitu jiji lilichokitema.

Niseme hili polepole maana naona hata humu watu wanadhani kuokota chupa ndiyo kuponya mto. Uchafu wa chooni na damu ya machinjioni vikiingia majini, bakteria wanavila, na katika kula wanamaliza oksijeni. Ukiwa kidogo mto unajisafisha wenyewe huku unatiririka. Ukiwa mwingi kila siku, oksijeni inakwisha, samaki wanakufa, anabaki kambale kwa sababu anaweza kupanda juu kuvuta hewa. Halafu hata kambale anashindwa. Maji yanakuwa meusi na kunuka mayai viza. Hapo hata ukipanda miti elfu kumi pembeni hujamsaidia samaki. Funga kwanza kinachoingia, halafu rudisha matete na vinamasi vichuje kilichobaki, ulinde vyanzo kule Pugu, uache mikoko ipumue. Ukianza na miti bomba likiwa wazi, umepoteza miche.

Tena hapo nimezungumzia uchafu unaooza tu. Metali zenye sumu kama risasi (madini ya "lead") na kadimiamu hazina bakteria wa kuzila. Zinatulia kwenye tope. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha vipimo vya metali hizo kwenye mboga za majani zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi. 1999! Waliozaliwa mwaka ule leo wana watoto, na mchicha bado unamwagiliwa maji yale yale, alfajiri unapakiwa, saa mbili uko gengeni kwako Mbezi au Mikocheni. Kwa hiyo wewe unayesema "hayo ni matatizo ya watu wa Kigogo", pole.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inalinda mita 60 kutoka kingo za mto. Tunaijua vizuri sana, ndiyo iliyotupigia X nyekundu ukutani, alama ya nyumba ya kubomolewa. Lakini bomba la mwenye uwezo nalo linakatiza hizo hizo mita 60 kwenda mtoni, mbona silioni na X?

Na msiniambie haiwezekani. Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, ndani ya wiki chache sokoni ilikuwa imeadimika, kwa sababu serikali ilitaka. Mto Thames wa London ulitangazwa mwaka 1957 kuwa umekufa, samaki hakuna. Leo wapo, hata sili wanaonekana. Hawakuanza na bustani, walikarabati mitambo ya majitaka, miaka na miaka, kazi isiyokatwa utepe wala kupigwa ngoma.

Ninachotaka si semina. Maji yapimwe kila mwezi Pugu, Vingunguti, Kigogo, Jangwani na Selander, na majibu yabandikwe kwenye kila ofisi ya serikali ya mtaa tuyasome wenyewe. Kila kiwanda kinachotiririsha mtoni kitajwe pamoja na kibali chake. Na sisi wa uchochoroni tuletewe bomba la majitaka, au hata pampu ndogo za kusukuma kwa mkono za kunyonya vyoo kwa bei tunayoiweza, ndipo mtupige faini za kutapisha.

Wa Vingunguti, Tabata, Buguruni, Mchikichini, mwenye picha ya mvua hizi aiweke hapa na jina la mtaa. Ofisi ilitaka ushahidi, tuwajazie.