Betri ya pili inaisha usiku Kitulo

Swali: Wakuu, tuko Kitulo (hifadhi ya nyanda za juu Tanzania) na Hiace ya kulala. Betri ya pili, ya ndani (ya friji), saizi ya N70, asubuhi inasoma volti 11.6. Gari likiwaka, 13.1 tu. Alteneta (inayochaji betri) imechoka?

Jibu: Pima kwanza betri ya injini, gari likiunguruma. Ukikuta 14.2, alteneta nzima. Volti zinapotelea njiani kwenda betri ya ndani. Waya mwembamba, fyuzi iliyolegea, au (mshukiwa wangu) nati ya waya wa hasi yenye kutu kwenye bodi ya gari. Kwangua mpaka chuma king'ae, kaza, weka waya wa milimita za mraba 16.

Jibu: Zima friji betri ikifika volti 12.2 bila mzigo (hakuna kinachovuta umeme). Hapo imebaki nusu hivi.

Jibu: Betri ya lithiamu usikimbilie. Chini ya nyuzi 0 haichajiwi, na Julai huko sakitu ipo.